Kondoo na Mrututu Havikai Pamoja

Kamba zinazopandisha hopsi katika bonde la Yakima ni za usumba wa nazi. Zinatoka Sri Lanka zikiwa zimekatwa tayari na kufungwa mafungu mafungu. Kila Aprili wafanyakazi hupanda jukwaa linalokokotwa na trekta wakazifunga moja moja kwenye waya ulio mita tano na nusu juu ya ardhi. Ekari moja ina mashina kama 900, na kila shina hupewa kamba mbili. Mimi mzaliwa wa Pangani, niliyekua nikiona makumbi yakifukiwa matopeni, yakifukuliwa baada ya miezi na kupondwa mpaka yatoe nyuzi, sikuhitaji kuelezwa ile harufu ni ya nini. Nilipompigia simu shangazi yangu kumsimulia, aliniuliza:

"Na hizo kamba wanafungia nini huko, mwanangu?"

"Mmea unaotiwa kwenye bia, shangazi."

"Basi. Yaishie hapo hapo."

Mwenyewe sinywi, na ladha ya kitu ninachokimwagilia siijui. Nilisomea ubwana shamba, nikafanya kazi Tanga, na sasa nasimamia maji katika shamba moja karibu na mji mdogo wa Moxee, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Ndugu na wenzangu wa zamani wakisikia habari za "kilimo rejeshi", yaani kilimo kinachokusudia kuurudishia udongo uhai wake badala ya kuzuia tu usizidi kuharibika, huniuliza kama wakulima wa huku wanakifanya kweli au ni maneno ya matangazo. Jibu langu huwa refu kidogo. Hopsi ni zao zuri la kujibia swali hilo kwa sababu ni zao gumu: linakula mbolea nyingi, linaugua upesi, na linakaa mahali pamoja miaka na miaka.

Mmea wenyewe

Hopsi kwa bia ya kiwandani ni kama msesewe kwa mbege: ndiyo inayoleta uchungu wa kukata utamu. Kinachovunwa ni maua ya mmea jike, yenye umbo la koni ndogo ya kijani. Ukiipasua kwa kucha, utaona katikati unga wa manjano unaonata. Huo ndio lupulini, na humo ndimo zilimo asidi za alfa zinazotia uchungu pamoja na mafuta yanayotoa harufu. Mimea dume haikaribishwi shambani, maana koni zikichavushwa huzaa mbegu, na watengeneza bia wengi hawazitaki.

Mzizi huishi chini ya ardhi muda mrefu, na shamba likitunzwa huvunwa miaka 10 hata 20 bila kupandwa upya. Sehemu ya juu hufa kila majira ya baridi, kisha mwezi Machi huchipua. Ikifika Juni, siku zikiwa ndefu, shina huweza kurefuka sentimita 30 kwa siku moja, likiizunguka kamba kufuata mwendo wa saa na kujishikiza kwa vinywele vyenye ndoano.

Mmea huu unataka baridi ya kulalia na siku ndefu za kukulia, ndiyo maana hustawi zaidi kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo. Kwetu karibu na Ikweta siku ni ya saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo hopsi za viwanda vyetu vya bia huagizwa kutoka nje. Barani Afrika makao yake makuu ni George, Afrika Kusini, na hata huko ilibidi kwanza wawashe taa mashambani ili kuurefushia mmea mchana, hadi walipozalisha aina zinazovumilia siku fupi. Hapa Marekani, karibu robo tatu ya hopsi zote hutoka jimbo hili la Washington, na sehemu kubwa kabisa ni ya bonde la Yakima.

Mto ulivyosafishwa, vumbi likaja

Anayesikia habari za theluji na milima hudhani Yakima ni nchi ya unyevu. Mvua ya hapa ni milimita 200 hivi kwa mwaka, chini ya nusu ya ile ya Dodoma. Maji yetu ni theluji ya milima ya Cascade, inayoyeyuka taratibu na kukusanywa katika mabwawa matano, kisha kugawanywa kwa mifereji. Mwaka 2015 mvua ilinyesha milimani mahali pa theluji, maji yakateremka wakati wa baridi kabla hayajahitajika. Eneo la umwagiliaji la Roza, ambalo haki zake za maji ni za baadaye kuliko za wengine, lilipata chini ya nusu ya mgawo wake, na mfereji wake ukafungwa kwa wiki kadhaa mwezi Mei, wakati hopsi zinapanda kamba.

Zamani maji yaliachiwa yapite ardhini katikati ya mistari. Yalipotoka upande wa pili yalikuwa yamebeba udongo, na udongo ulikuwa umebeba DDT. Dawa hiyo ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, lakini hushikamana na chembe za udongo na haiozi upesi, kwa hiyo miaka ya 1990 bado ilikuwa inaingia mto Yakima na kukutwa ndani ya samaki. Wenyeji wa bonde hili ni watu wa taifa la Yakama, na mkataba wa mwaka 1855 unawahifadhia haki ya kuvua; samaki mwenye sumu kwao ni haki iliyoliwa. Serikali ya jimbo ikaweka viwango, wakulima wakahamia umwagiliaji wa matone na wa kunyunyiza, na tope lililokuwa likiingia mtoni likapungua sana.

Hayo ni mafanikio, na mimi ninayefungua na kufunga bomba hizo najua maji yanayookolewa. Lakini mpira wa matone hulowesha mstari wa mimea peke yake. Nafasi iliyo katikati, inapopita trekta, hubaki kavu tangu Mei hadi mavuno. Zamani fahari ya mkulima wa hopsi ilikuwa katikati hapo pasionekane hata jani: analima, anapiga haro, anarudia. Ardhi iliyo tupu na kavu hutoa vumbi, vumbi hutua kwenye majani, na majani yenye vumbi ndiyo raha ya utitiri.

Kuhesabu kabla ya kupulizia

Kuanzia Juni natembea na lenzi shingoni. Nachuma jani, naligeuza, natazama upande wa chini kando ya mishipa. Utitiri wa madoa mawili ni mdogo kuliko punje ya chumvi, rangi yake ya manjano iliyofifia, na ubavuni ana alama mbili nyeusi. Hukaa makundi makundi chini ya utando mwembamba akifyonza, na jani alilolizoea hugeuka rangi ya shaba. Akifika kwenye koni, koni hupoteza rangi na bei.

Ukitulia na lenzi utaona kitu cha pili. Kuna utitiri mwingine, umbo la tone, anayekwenda mbio huku na huku. Huyo anawinda. Kuna pia mbawakavu mweusi mdogo mno aitwaye Stethorus, ambaye chakula chake ni utitiri. Kazi yangu ni kuhesabu pande zote mbili, wanaoliwa na wanaokula, na kumpelekea mwenye shamba tarakimu hizo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo. Mkulima akipulizia dawa kali mwezi Juni kuua vidukari, dawa huua na wawindaji. Kwenye joto, utitiri hukamilisha kizazi kwa wiki moja au mbili, na wawindaji hawarudi kwa kasi hiyo. Julai shamba linageuka rangi ya shaba, mkulima anapulizia tena, na utitiri unaosalia ni ule uliozoea dawa. Siku hizi wengi huchagua viuatilifu vinavyomlenga mdudu mmoja, na huvumilia idadi fulani ya utitiri kwa sababu bila mawindo wawindaji watahama.

Mashamba ya hopsi ya bonde hili yamechangia pia elimu. David James, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kituo cha Prosser, alichapisha mwaka 2003 matokeo ya majaribio aliyofanya katika hopsi kuhusu methili salisileti, ile harufu inayosikika katika dawa za kuchua misuli. Mimea inayoshambuliwa hutoa harufu hiyo yenyewe, na wadudu marafiki wa mkulima huifuata. Mitego iliyotiwa harufu ile iliwanasa kwa wingi.

Vumbi nalo lilipatiwa dawa: mazao funika. Baada ya mavuno, Septemba au Oktoba, katikati ya mistari hupandwa mchanganyiko wa nafaka, mimea ya jamii ya kunde na haradali. Mchanganyiko huo hunasa nitrojeni iliyobaki udongoni isizame na maji ya theluji, hushika ardhi upepo wa baridi unapovuma, na hukatwa majira ya kuchipua ukalala hapo hapo kama matandazo. Hallertau, eneo la Bavaria linalolima hopsi nyingi kuliko yote Ujerumani, hupanda mimea ya namna hiyo kuzuia udongo usiporomoke kwenye miteremko.

Ila zao funika nalo lina kiu. Mwenye shamba hupenda alione likiwa kijani hadi Mei, kwa kuwa wageni hulipiga picha. Mimi nataka likatwe Aprili, kabla halijanywa unyevu wote uliolala chini. Kila mwaka tunabishana, na kila mwaka tunachimba kwa koleo tukashika udongo mkononi, kwani ukiwa bado unafinyangika nampa wiki moja, na ukimeguka tunakata siku ile ile.

Kondoo wanapoingia

Machipukizi ya kwanza ya Machi hayatakiwi. Yana uwazi ndani na hutoka kwa nyakati tofauti, kwa hiyo huondolewa ili ya pili yatoke kwa pamoja na kuelekezwa kwenye kamba mwezi Mei. Wengi huyaunguza kwa kiuagugu. Wengine huleta kondoo. Huko Nelson, New Zealand, kondoo wameingizwa katika bustani za hopsi kwa muda mrefu, na hapa Amerika Kaskazini wapo wakulima wanaowafuata.

Kondoo hula machipukizi, hula magugu, hula zao funika, na huacha samadi. Anayejua kuwaendesha kwetu ni mwenzangu mmoja kutoka Michoacán, Meksiko, aliyekulia kwenye mifugo. Uzio wake ni wavu mwepesi wenye umeme, anaung'oa na kuuhamisha akitazama nyasi, wala hafuati kalenda ya ofisi. Kamba zikianza kufungwa huwaondoa wote, kwa sababu kondoo hatofautishi chipukizi la kutupwa na lile la kutunzwa. Mimea ikishapanda juu, kondoo hurudishwa kwa muda mfupi wale majani ya chini.

Majani hayo ya chini ndiko magonjwa yanakoanzia, nayo ni mawili makubwa: ubwiri vinyoya na ubwiri unga. Wa pili wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaufahamu vizuri, pamoja na salfa wanayoipulizia. Uliingia mashamba ya hopsi ya Washington mwaka 1997. Wa kwanza, kwa mkulima wa kilimo hai asiyetumia dawa za viwandani, hudhibitiwa kwa dawa za shaba, ndugu wa ule mrututu walioujua wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Soko la hopsi za namna hiyo lilipata msukumo tarehe 1 Januari 2013, ilipoanza kanuni kwamba bia inayouzwa Marekani kwa jina la kilimo hai lazima hopsi zake nazo ziwe za kilimo hai. Kabla ya hapo ziliruhusiwa hopsi za kawaida.

Sasa tazama inakotufikisha. Shaba haiozi. Inayopuliziwa mwaka huu hujumlishwa na ya mwaka jana, na ikizidi huwadhuru minyoo wa ardhi ambao kilimo rejeshi kinawahitaji. Tena katika mifugo yote, kondoo ndiye asiyestahimili shaba. Huihifadhi kwenye ini kimya kimya, haonyeshi dalili, kisha siku moja ini linaiachia na mnyama anakufa ndani ya siku chache. Kanuni mbili nzuri, kila moja ikisifiwa peke yake, zikiwekwa katika shamba moja zinaua kondoo. Mwenye kundi lazima achague: atenge sehemu zisizopuliziwa shaba, au aachane na shaba, au aachane na kondoo.

Njia bora kuliko zote ni kupanda aina zinazostahimili magonjwa. Kituo cha utafiti cha Hüll huko Bavaria kilianzishwa mwaka 1926 kwa sababu hiyo, ubwiri vinyoya ulipokuwa unateketeza mashamba, na hadi leo kinazalisha aina mpya. Kikwazo kiko sokoni. Watengeneza bia huagiza hopsi kwa majina, na jina likishapata umaarufu kwenye kopo la bia, mkulima hulilima hata likiwa dhaifu mbele ya ubwiri.

Kinachorudi ardhini

Mavuno huanza mwishoni mwa Agosti. Shina zima hukatwa pamoja na kamba yake, likapelekwa kwa lori hadi kwenye mashine inayochambua koni. Koni mbichi ni maji kwa karibu asilimia 80, na hukaushwa kwa hewa ya moto hadi zibaki na asilimia 10 hivi. Maana yake, ili kupata tani moja ya hopsi kavu ni lazima kuvukiza maji tani tatu na nusu, kazi inayofanywa na gesi. Ndiyo maana vipima unyevu ndani ya tanuri vimekuwa vifaa vya kuhifadhi mazingira: kukausha kupita kiasi ni gesi iliyoungua bure na harufu iliyopotea hewani. Hopsi zilizokauka hushindiliwa katika marobota ya kilo 90.

Yanayobaki ni mengi kuliko yanayouzwa: majani, mashina na kamba. Hukatwakatwa na kulundikwa kuwa mboji. Hapo usumba unaonyesha thamani yake, kwani huoza pamoja na majani na hakuna wa kuuchambua. Huko Hallertau mimea hupandishwa kwa waya wa chuma, na mji wa Wolnzach una mtambo unaogeuza mabaki ya hopsi kuwa gesi.

Hata mboji ina masharti. Kuna kuvu wa mnyauko aitwaye Verticillium, ambaye Kent, Uingereza, alitambuliwa katika hopsi mwaka 1924 na baadaye akalazimisha mashamba mengi kung'olewa. Anaishi katika mabaki. Mkulima akiyarudisha shambani mabichi kwa nia njema ya kulisha udongo, anaweza kuwa anapanda ugonjwa. Ndiyo sababu lundo letu hugeuzwa mara kwa mara, na nachomeka kipimajoto kirefu ndani yake: likishindwa kupita nyuzi 55 halisogezwi.

Nani analipa

Mwaka 2021 hopsi za Marekani zilikuwa zimepandwa zaidi ya ekari 60,000. Kufikia 2024 zilikuwa zimeshuka chini ya 46,000, kwa kuwa maghala yalijaa na watu walikuwa wamepunguza kunywa bia. Nguzo zimeng'olewa mbele ya macho yangu na miche ya matunda ikapandwa. Hali ya hewa nayo inabana. Watafiti waliochapisha katika jarida la Nature Communications mwaka 2023 walionyesha kuwa katika maeneo waliyoyachunguza Ulaya, hopsi sasa huiva kama siku 20 mapema kuliko kabla ya 1994, na wakakadiria kwamba kufikia 2050 mavuno yatapungua kwa asilimia 4 hadi 18, na asidi za alfa kwa asilimia 20 hadi 31.

Katika hali hiyo mkulima hawezi kutunza udongo kwa sifa. Anayohesabu ni haya: dawa alizoacha kununua, safari za trekta alizopunguza, dhidi ya mbegu za mazao funika, uzio, mchungaji na mtu wa kutembea na lenzi. Vipo vyeti vinavyosaidia, kama Salmon-Safe, kinachokagua shamba kwa jicho la usalama wa mito na samaki. Goschie Farms la Oregon lilikuwa shamba la kwanza la hopsi kukipata. Lakini cheti hakimlipi mkulima mpaka mnunuzi akubali kukiandika katika mkataba, tena mkataba wa miaka kadhaa, maana udongo haurudi kwa msimu mmoja. Niliyoyaona yananishawishi kwamba mashamba yanayofanikiwa ni yale yaliyoanza na jambo moja, yakalipima, ndipo yakaongeza la pili. Yaliyochukua orodha nzima kwa mkupuo yaliirudisha nusu yake.

Kwa hiyo wewe unayenisoma ukiwa na kahawa Mbinga, zabibu Dodoma au korosho Newala, mazao yanayokaa shambani miaka mingi kama hopsi, usinunue jina la kilimo rejeshi. Akija mtaalamu kukushauri uweke matandazo, ulete mbuzi, upande mikunde au upulizie mrututu, msikilize kwa heshima, kisha umuulize: hili litagusa nini kingine humu shambani? Akishindwa kukujibu, mkaribishe chai, na umwombe arudi siku atakayokuwa na jibu.